Mizinga Minane Katika Korongo la Mchanga

Katika nyumba ya Nta hakuna aliyebamiza mlango. Mizinga ya nyuki ilikuwa nyuma ya jiko, hatua hamsini tu, na nyuki hawapendi kishindo. Watu wa nyumba hiyo walitembea polepole. Walicheka kwa sauti ndogo. Hata sufuria waliziweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Nta alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Utotoni alitafuna nta ya masega kutwa nzima, basi jina likamganda. Hakuwa msemaji. Mama yake alimtania kila mara.

"Wewe unaongea na nyuki kuliko watu. Utaolewa na dume la nyuki."

"Dume la nyuki halifanyi kazi, Mama. Linakula na kulala tu."

"Basi hutaona tofauti na wanaume wengine."

"Nimesikia," Baba alisema kutoka sebuleni.

Kazi ya familia hiyo ilikuwa kufuga nyuki. Kila mwaka, maua ya nyumbani yalipokwisha, walipakia mizinga kwenye pikapu yao. Waliipeleka kwenye shamba la alizeti, mwendo wa saa mbili. Nyuki walipata chakula kwenye maua. Mwenye shamba alipata mbegu nyingi zaidi, kwa sababu nyuki hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Na familia ilipata asali.

Safari hiyo ilikuwa na sharti moja. Lazima waanze alfajiri na wafike kabla jua halijawa kali. Nyuki wakiwa safarini hufungiwa ndani, na mlango wa mzinga huzibwa kwa wavu wa waya. Gari likitembea, upepo unapita na nyuki wanapumua. Gari likisimama juani, mzinga unakuwa tanuri. Nta hulainika, masega huanguka, na nyuki hufa wote.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, isipokuwa mahali pamoja. Palikuwa na korongo, yaani mto uliokauka. Upana wake ulikuwa hatua mia moja hivi, na wote ulikuwa mchanga.

Baba naye alikuwa na sharti lake. Kabla ya safari alijaza upepo matairi yote manne mpaka yakawa magumu kama jiwe. Kisha aliyapiga teke kwa kisigino, moja baada ya jingine.

"Mzigo mzito, tairi gumu," alisema kila mwaka.

Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Mwaka uliopita walikuwa na mizinga kumi na mitatu. Baba aliendesha, Nta alikaa pembeni. Walipofika katikati ya korongo, gari likapunguza mwendo, likasita, likasimama. Baba akakanyaga mafuta. Matairi ya nyuma yakazunguka na kurusha mchanga. Baba akakanyaga zaidi. Gari likazidi kuzama mpaka tumbo lake likalala juu ya mchanga.

Nta alikimbia kutafuta watu. Walikuja wanaume sita kutoka shamba la jirani. Wakakunja mikono ya mashati. Mmoja akasikia mvumo, akaweka sikio kwenye bodi ya gari.

"Humu mmebeba nini?"

"Nyuki," Baba alisema kwa upole, kama mtu anayesema mito ya kulalia.

Katika muda wa dakika moja walibaki wawili. Mmoja alibaki kwa sababu kandambili yake ilikatika. Wa pili alibaki kwa sababu alikuwa anamcheka wa kwanza.

Adhuhuri trekta likaja kuwavuta. Walipofika shambani, mizinga mitano ilikuwa kimya. Nta alifungua mmoja. Masega yalikuwa yamelala chini kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Nyuki walikuwa wamerundikana juu yake, wameloa asali, wamekufa.

Siku tatu Baba alisafisha mizinga mitupu. Siku ya nne alisema, "Imebaki minane. Jambo hili likitokea tena, basi. Hii mizinga tutaipasua kuni, na mimi nitatafuta kazi nyingine."

Mama alijua kwamba mumewe hana kazi nyingine moyoni mwake. Nta pia alijua.

*

Mwaka huu maua ya nyumbani yaliisha mapema. Nyuki walianza kula akiba yao. Nta aliinua mzinga mmoja upande, akaona ni mwepesi. Nyuki wakikaa wiki mbili zaidi, watakufa njaa.

Lakini Baba alikuwa kitandani. Mgongo ulimshika alipokuwa akiinua mzinga, na daktari alimkataza kuendesha gari kwa mwezi mzima. Mama hakuweza kumwacha, kwa sababu hata kugeuka alihitaji kushikwa. Walitafuta mtu wa kumsindikiza Nta. Binamu alisema ana mafua. Shemeji alisema ana mkutano. Walipomwambia kwamba hawajataja siku bado, alisema ana mkutano siku zote.

"Nitakwenda peke yangu," Nta alisema. Leseni alikuwa nayo.

"Na ukikwama?" Mama aliuliza.

Jioni hiyo Nta alivaa viatu akaenda kwa jirani wa nyumba ya pili.

Jirani huyo alikuwa dereva wa lori la mchanga kwa miaka ishirini. Watu walimwita Kokoto. Nta alimkuta akiosha lori. Mkewe alikuwa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mwenyewe au na majeshi yako ya nyuki?"

"Nimekuja mwenyewe." Nta alitazama miguu yake. "Nataka unifundishe kitu. Gari likikwama mchangani, na mtu yuko peke yake, anafanya nini?"

Kokoto alifunga bomba la maji.

"Kwanza niambie wewe. Gari linapoanza kuzama, mguu wako unataka kufanya nini?"

"Kukanyaga mafuta."

"Na huo mguu ndio adui yako. Tairi likizunguka bila gari kwenda, linafanya kazi ya jembe. Unachimba kaburi la gari lako kwa mafuta yako mwenyewe. Ukihisi gari haliendi, toa mguu kwenye mafuta. Hapo hapo. Usijaribu mara ya pili wala ya tatu. Gari lililozama kidogo linatoka kwa nusu saa. Gari lililolala tumbo linatoka kwa trekta."

Nta alikumbuka mwaka uliopita.

"Halafu?"

"Halafu upepo. Unapunguza upepo wa matairi."

"Kupunguza?" Nta aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Baba huwa anajaza. Anasema mzigo mzito, tairi gumu."

"Baba yako hakukosea, kwenye barabara ngumu. Tairi lenye mzigo likiwa laini kule, linapata joto na kupasuka. Ila mchanga una sheria yake. Njoo."

Alimpeleka kwenye rundo la mchanga kando ya ua.

"Choma kidole."

Nta akachoma. Kidole kikazama chote.

"Sasa weka kiganja. Sukuma kwa nguvu ile ile."

Kiganja hakikuzama.

"Mkono ni ule ule," Kokoto alisema. "Nguvu ni ile ile. Tairi gumu ni kidole, na tairi laini ni kiganja. Linatanuka, linakanyaga mahali pakubwa, haliendi chini. Mwangalie mke wangu. Akivaa viatu vya visigino virefu, uani hafiki mbali, anazama kama msumari. Akivaa ndala, anakimbia."

"Ninakukimbia wewe," mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Mfundishe mtoto wa watu, acha miguu yangu."

Siku tatu mfululizo Kokoto alimfundisha. Alimwambia aingize pikapu tupu kwenye mchanga wake, aikwamishe kwa makusudi, kisha aitoe mwenyewe. Kokoto alikaa juu ya ndoo na hakumsaidia hata kwa kidole. Alimuuliza maswali tu.

"Upepo hadi ngapi?"

"Ishirini kwenye kipimo."

"Kwa nini usishushe hadi tano?"

"Tairi litachomoka kwenye rimu."

"Na ukitoka mchangani?"

"Naenda polepole, sikati kona kwa ghafla. Nikifika mahali pagumu, najaza tena kabla ya kuendelea."

"Bora zaidi ya yote ni nini?"

"Kupunguza upepo kabla sijaingia mchangani."

"Hilo," Kokoto alisema, "ndilo watu wote wanalijua na hakuna anayelifanya."

*

Siku ya safari Nta aliamka saa kumi alfajiri. Alivaa ovaroli nyeupe ya kazi. Alihakikisha kila wavu umefungwa. Alipanga mizinga minane katika mistari miwili, akaifunga kwa kamba. Juu yake alitandika magunia manne yaliyoloweshwa maji, ili nyuki wapate ubaridi. Kwenye gari aliweka beleshi, pampu ya mguu, kipimo cha upepo, na madumu mawili ya maji: moja la nyuki, moja lake.

Baba alitoka ndani akiegemea fimbo. Aliomba pampu. Mgongo haukumruhusu kuinama, basi akamwambia Mama apige pampu, yeye akasimama pembeni akihesabu. Matairi yote manne yakafika hamsini kwenye kipimo. Akayagusa kwa fimbo.

"Mzigo mzito, tairi gumu."

"Baba," Nta alisema, "Mjomba Kokoto anasema kwenye mchanga..."

"Kokoto anabeba mchanga. Mchanga haufi."

"Sawa, Baba."

Kwa njia ya kwenda hadi korongoni, Baba alikuwa sahihi. Nta aliamua kwamba akifika ukingoni atasimama na kupunguza upepo. Hakuona haja ya kubishana na mgonjwa alfajiri.

"Mama, ninapita korongoni saa moja. Kule hakuna mtandao. Nisipopiga simu mpaka saa nne, mwambieni mjomba anifuate na lori."

"Saa nne nyuki watakuwa hai?" Mama aliuliza.

"Saa nne, ndiyo. Saa sita, hapana."

Alifika korongoni saa moja na nusu. Alikuwa amechelewa, kwa sababu ng'ombe walifunga njia. Alisimama ukingoni. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha juzi, na mchanga ulionekana mgumu, una ganda juu kama uji uliopoa. Alama za pikipiki zilipita juu yake vizuri kabisa.

Nta alitazama saa. Kupunguza upepo matairi manne kungechukua robo saa. Kujaza tena upande wa pili kungechukua nusu saa nyingine. Akatazama tena lile ganda.

"Leo ni pagumu," alijiambia.

Akaingia.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha ganda likakatika. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, kama umeachana na magurudumu. Gari likasita.

Mguu wa Nta ukakanyaga mafuta. Ukakanyaga wenyewe, bila kumuuliza. Matairi yakalia, mchanga ukaruka, na nyuma ya gari ikashuka chini.

"Toa!" Nta alijipigia kelele kwa sauti ambayo haijawahi kusikika nyumbani kwao. Akatoa mguu. Akazima injini. Akavuta breki ya mkono.

Kimya kikaja. Halafu akasikia nyuki, mizinga minane, wakivuma nyuma ya kichwa chake.

Alitoka nje akazunguka gari. Matairi ya nyuma yalikuwa yamezama karibu nusu. Ya mbele yalizama kidogo. Jua lilikuwa limeshatoka nyuma ya vichaka. Alisikia machozi yakija. Aliyaruhusu kidogo, kwa muda wa kunywa maji. Kisha akamwagilia magunia ya nyuki, akachukua kipimo cha upepo.

Wakati huo pikipiki ilipita pembeni. Mwenye pikipiki akasimama mbali kidogo.

"Dada, umekwama?"

"Ndiyo."

"Kanyaga mafuta kwa nguvu! Usiogope! Nakuja kusukuma." Akashuka, akaja hatua tano. Akasimama. "Hiyo sauti ni ya nini?"

Nta angeweza kusema uongo. Alikuwa anamhitaji. "Ni nyuki," alisema. "Wamefungwa vizuri lakini."

"Aaa." Mtu yule alirudi kinyumenyume hatua tano zile zile, kwa heshima kama anayetoka mbele ya mkubwa. "Basi wewe kanyaga mafuta tu, dada yangu. Mungu yupo." Akawasha pikipiki akaondoka.

Nta alipiga magoti kwenye tairi la kwanza. Alifungua kifuniko cha mdomo wa tairi, akabonyeza sindano ya ndani kwa kijiti. Upepo ukatoka ukipiga mluzi. Alipima. Arobaini. Akabonyeza tena. Thelathini. Ishirini. Tairi lilikuwa limetuna pembeni kama shavu la mtu anayekula. Alihamia la pili, la tatu, la nne. Vifuniko vinne vya matairi aliviweka mfukoni ili visipotee mchangani.

Sasa aende mbele au nyuma? Mbele palikuwa na hatua tisini za mchanga asioujua. Nyuma palikuwa na hatua kumi, na juu yake njia mbili ambazo matairi yake yameshazishindilia. Kokoto alimwambia: njia uliyojia ndiyo njia unayoijua. Atarudi nyuma.

Alichukua beleshi. Alichimba mchanga nyuma ya kila tairi. Hakuchimba shimo. Alitengeneza mteremko mrefu wa taratibu, ili tairi lipande bila kuruka. Alinyoosha usukani, kwa sababu magurudumu ya mbele yakikaa upande yanasukuma mchanga kama ukuta.

Kilichobaki kilikuwa kitu cha kutandika chini ya matairi ya nyuma, kitu kikavu cha kukwaruza. Vichaka vilikuwa mbali. Alikuwa na magunia manne, nayo yalikuwa juu ya nyuki, yamelowa. Aliweka mkono juu ya gunia moja. Chini yake mzinga ulitetema.

Hakulichukua. Alitoa mazulia mawili ya mpira kutoka ndani ya gari. Akayasukuma chini ya matairi ya nyuma mpaka yakabana.

Akapanda. Akawasha. Akaweka gia ya kurudi nyuma na kuachia klachi pole pole, mafuta kidogo kabisa. Gari likajivuta, likapanda kiasi cha shibiri mbili, likagoma. Tairi moja likaanza kuzunguka.

Safari hii mguu ulitii. Nta akautoa mara moja.

Alishuka, akalala kifudifudi kando ya gari, kichwa nje, akachungulia chini. Hapo akaona. Matairi yalikuwa huru, lakini tumbo la gari bado lilikuwa limekalia tuta la mchanga. Sauti ya Kokoto ilimjia sawasawa: "Wengi wanachimba matairi na kusahau tumbo. Gari lililokaa juu ya tumbo ni kasa aliyepinduliwa, miguu inacheza hewani." Alikuwa amefundishwa, na alikuwa amesahau.

Ilikuwa saa mbili na robo. Mvumo wa nyuki ulikuwa umebadilika. Ulikuwa juu zaidi, mwembamba zaidi. Walikuwa wanapiga mabawa ili wapoze mzinga. Nta aliujua mvumo huo. Mwaka uliopita aliusikia ukipanda, kisha ukakatika.

Alimwaga maji yote yaliyobaki kwenye dumu la nyuki juu ya magunia. Kisha akarudi kwenye mchanga. Hakuingia chini ya gari hata mara moja, maana gari lililo juu ya mchanga linaweza kushuka wakati wowote. Alikaa pembeni, akaingiza beleshi kwa urefu wa mpini, akavuta mchanga nje. Upande mmoja, kisha upande wa pili. Mikono iliwaka. Alitaka kuharakisha. Akajizuia, kwa sababu akizimia juani hakuna wa kumwokota. Kila baada ya beleshi ishirini alisimama kwenye kivuli cha gari na kunywa maji.

Mwishowe alichungulia tena. Aliona mwanga ukipita kutoka upande wa pili.

Alitandika upya yale mazulia. Lakini njia ilikuwa ndefu kuliko mazulia. Akavua ovaroli yake nyeupe, akabaki na suruali na fulana alizovaa ndani yake. Akaitandika chini ya tairi lile lililozunguka, mikono ya ovaroli ikielekea nyuma.

"Haya," aliwaambia nyuki. "Shikaneni."

Gia ya kurudi nyuma. Klachi polepole. Mafuta kidogo. Gari likatetemeka. Likapanda zulia. Likapanda ovaroli. Nta hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Aliendelea hivyo hivyo, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani. Hatua tano. Hatua nane. Nyuma ya gari ikapanda ukingo mgumu, na mbele ikafuata. Hakukanyaga breki kwa ghafla. Alitoa mafuta, na gari likasimama lenyewe.

Nta aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mikono ilikuwa imechoka kwa beleshi hata hakuweza kuvuta breki ya mkono kwa mkono mmoja. Aliivuta kwa miwili.

Bado alikuwa upande ule ule. Alishuka akakusanya mazulia, beleshi na ovaroli. Kisha alivuka korongo lote kwa miguu, akikanyaga kwa kisigino ili ajue wapi ni pagumu. Upande wa kushoto palikuwa na changarawe chini ya mchanga. Aliweka alama kwa mawe.

Akarudi garini. Matairi yalikuwa bado ishirini. Aliweka gia ya pili, akaingia kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Hakusimama, hakubadili gia, hakukata kona. Mchanga ulivuta, gari likavuta. Alama za mawe zilipita moja moja dirishani. Upande wa pili ulikuja, ukapanda, na gari likawa juu ya udongo mgumu.

Alisimama kwenye kivuli cha kwanza alichokiona. Alijaza upepo kwa pampu ya mguu, tairi baada ya tairi. Alijaza wa kutosha kwa mzigo, kipimo kikasema arobaini. Hapo akasimama. Akafunga vifuniko vyote vinne. Akapanda.

*

Shamba la alizeti lilikuwa limechanua lote. Nta alifika saa nne kasoro robo. Alishusha mizinga pamoja na mwenye shamba, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye hakuogopa kitu. Waliipanga chini ya kivuli cha miti ya ukingoni.

"Ovaroli yako imepatwa na nini?" mwenye shamba aliuliza. "Kama imekanyagwa na gari."

"Imekanyagwa na gari."

Nta alivaa kofia ya wavu. Alitoa waya wa mzinga wa kwanza. Nyuki wakatoka kama maji. Wa pili. Wa tatu. Kwenye kila mlango alisubiri mpaka awaone wakiruka. Wa sita. Wa saba.

Alitoa waya wa mzinga wa nane. Hakuna aliyetoka.

Alipiga magoti. Huo ndio mzinga uliokaa upande wa jua. Aliweka kiganja ubavuni. Ulikuwa na joto. Alisubiri.

Nyuki mmoja akatokea mlangoni. Akasimama. Akapangusa macho yake kwa miguu ya mbele, kama mtu aliyetoka usingizini. Akatokea wa pili. Kisha mlango ukajaa, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakaelekea kwenye maua.

Nta alikaa chini palepale kwenye majani. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Mingapi imekufa?" Baba aliuliza. Hakusalimia. "Niambie tu. Mizinga mingapi?"

"Hakuna, Baba. Yote minane iko hai."

Kwa mbali Nta alimsikia Mama akiuliza, "Anasemaje? Anasemaje wewe mzee?"

"Hukukwama?" Baba aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema hapana. "Nilikwama, Baba. Korongoni."

"Nani alikusukuma?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu. Nilitoka mwenyewe."

"Ulifanyaje?"

Nta alivuta pumzi. "Nilipunguza upepo wa matairi."

Alisubiri kusikia neno la mzigo mzito. Alisikia Baba akipumua, na fimbo ikigonga sakafu mara moja.

"Hadi ngapi?"

"Ishirini. Halafu nikajaza tena nilipotoka."

"Subiri," Baba alisema. "Usikate. Mama Nta, nipe kalamu. Kalamu, siyo miwani. Na miwani pia." Vitu viliangushwa, mtu alicheka, droo ilifungwa. Kisha sauti ya Baba ikarudi karibu. "Haya, mwanangu. Naandika. Anza mwanzo, taratibu."

Nta alitazama nyuki wakipita juu ya alizeti.

"Kwanza kabisa, Baba," alisema, "toa mguu kwenye mafuta."